Dola 16 za kuhamisha tiketi kutoka Jumamosi hadi Jumapili

Mama mmoja wa Kamalondo, Lubumbashi, ametuandikia hivi:

"Nilinunua tiketi nne za mchezo wa kuigiza, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, dola 10 kila moja, nikalipa kwa simu. Jumatano mume wangu akaambiwa zamu yake ya mgodini imebadilishwa, Jumamosi atakuwa kazini. Siku ileile nikaenda gishe, dirisha la tiketi, kuomba wanihamishie Jumapili. Wakasema dola 2 za kubadilisha kwa kila tiketi, na juu yake dola 2 nyingine kwa kila tiketi, kwa kuwa Jumapili vimebaki viti vya mbele tu, vya dola 12. Jumla dola 16. Viti vyangu vya Jumamosi si watauza tena? Mbona nilipe mara mbili? Dada yangu aliye Brussels ananiambia hata kwao ni hivyohivyo. Nifanye nini sasa, na safari ijayo nijilinde namna gani?"

Mama, hizo dola 16 ni vitu viwili vilivyofungwa katika furushi moja. Gishe ikivitaja kwa pumzi moja, mtu huvikasirikia vyote sawasawa, na hapo hukosa kile ambacho kweli angeweza kukipinga.

Dola 8 za kwanza ni tofauti ya bei. Ulilipa viti vya dola 10, unaomba viti vya dola 12, na pengo ni dola 2 mara nne. Hiyo si ada wala adhabu. Mtu mwingine akija Jumapili kununua viti hivyohivyo atalipa dola 12 kama wewe. Ukipambana na sehemu hii utapoteza muda wako bure, ingawa kuna njia ya kuikwepa, na tutaifikia.

Dola 8 za pili ndizo ada ya kubadilisha. Hapo ndipo penye mjadala.

Tuanze na kile ambacho gishe inafanya kweli inapokubadilishia tiketi. Namba ya tiketi ya zamani inafutwa ili isikubaliwe mlangoni. Kiti cha zamani kinarudishwa kwenye mauzo. Kiti kipya kinashikwa kwa jina lako. Tiketi mpya inatolewa yenye namba nyingine. Mwishowe hesabu ya kasha inasawazishwa, maana pesa zilizoingia kwa jina la Jumamosi sasa ni za Jumapili, na kikundi cha wasanii kinacholipwa kwa asilimia ya mauzo ya kila usiku kitauliza. Mtu aliyezoea hufanya yote hayo kwa dakika tano hadi kumi. Kuna gharama nyingine mteja haioni. Kampuni za programu za kuuzia tiketi mara nyingi huudai ukumbi kiasi fulani kwa kila tiketi inayotolewa, na katika mikataba mingine tiketi iliyobadilishwa huhesabiwa kama tiketi mpya. Pesa ya simu nayo ina makato yake, na ukumbi ukirudisha malipo, makato ya mara ya kwanza hayarudi.

Kwa hiyo kazi ipo, na gharama ipo. Lakini tazama jambo hili: kazi ya kubadilisha tiketi nne zilizonunuliwa pamoja, kwa jina moja, kwenda usiku mmoja, inakaribiana sana na kazi ya kubadilisha tiketi moja. Mteja ni yuleyule, malipo ni yaleyale, na kwenye programu nyingi viti vinne huhamishwa kwa mkupuo. Ada ya dola 2 kwa ombi zima tungeitetea mbele ya mtu yeyote. Dola 2 kwa kila tiketi, kwa familia ya watu wanne, imeipita kazi iliyofanyika na imegeuka kuwa pato. Ukumbi una haki ya kutafuta pato, ila uliseme wazi kabla ya kuuza.

Je, viti vya Jumamosi watauza tena? Hapa, Mama, lazima tuwe wakweli pande zote mbili. Chukua ukumbi wa viti 300. Jumamosi vimeuzwa 180, pamoja na vinne vyako. Ukirudisha vyako, viti vitupu vinatoka 120 na kuwa 124. Mteja ajaye angepata kiti hata kama vyako visingerudi, kwa hiyo ukumbi haupati senti moja ya ziada kutokana na viti vyako. Hoja ya "si watauza tena" ina nguvu usiku mmoja tu: ule unaojaa. Jumamosi ikiwa imejaa na watu wako kwenye orodha ya kusubiri, viti vinne unavyorudisha ni dola 40 mpya kwa ukumbi, na ada juu yake ni kumkamua mtu aliyekuletea faida.

Geuza upande wa pili. Jumapili ikiwa na viti vitupu 120, wewe kukaa kwenye vinne kati ya hivyo hakumnyimi mtu nafasi. Ikiwa vimebaki sita tu, unachukua vinne ambavyo vingenunuliwa kwa dola 48 taslimu, na viti ulivyoacha Jumamosi huenda vikabaki vitupu. Kiti kisichouzwa pazia likishafunguliwa hakina thamani tena. Hakiwekwi ghalani kikauzwa wiki ijayo kama gunia la mahindi.

Kwa hiyo hasara ya kweli ipo pale mteja anapotoka usiku mtupu kwenda usiku unaojaa. Anayetoka usiku uliojaa kwenda usiku mtupu anaufanyia ukumbi wema. Ada moja kwa wote wawili ni rahisi kuandika ukutani, lakini si ya haki. Ulipokuwa gishe, swali la kwanza lingekuwa hili: "Jumamosi imebaki viti vingapi, na Jumapili vingapi?" Kama Jumamosi imejaa, hiyo ndiyo hoja yako, nayo ni nzito kuliko malalamiko yoyote.

Kuna sababu nyingine ya ada ambayo hutajwa mara chache. Mahali ambapo kubadilisha ni bure mpaka dakika ya mwisho, wapo watu wanaonunua siku yoyote tu ili washike nafasi, kisha wanahamahama kadiri marafiki wanavyokubali au kukataa. Ukumbi unaonekana umejaa wiki nzima, watu wengine wanarudishwa gishe, kisha usiku wenyewe nusu ya safu ni tupu. Ada ndogo huizuia tabia hiyo. Lakini wewe ulikuja Jumatano kwa onyesho la Jumamosi, siku tatu kabla. Huyo si mchezaji wa viti. Ada nzuri hupanda kadiri muda unavyopungua, na inayomtoza mtu wa Jumatano sawa na mtu wa Jumamosi saa kumi jioni inawafundisha wateja wote waje wakiwa wamechelewa.

Sasa, ufanye nini leo.

Kabla ya kulipa hizo 16, fanya hesabu ya njia ya pili. Tafuta jirani, wifi au wafanyakazi wenzako wanaotaka kwenda Jumamosi, wauzie tiketi zako nne kwa dola 40 zilezile ulizolipa, kisha nunua nne za Jumapili kwa dola 48. Umeongeza dola 8, ambazo ni tofauti ya bei peke yake. Ada imekwisha. Njia hii ina masharti matatu. Tiketi isiwe na jina linalokaguliwa mlangoni pamoja na kitambulisho. Uwe na dola 48 mkononi kabla ya kuuza, kwa sababu viti vya Jumapili vikiisha wakati unatafuta wanunuzi utabaki huna usiku hata mmoja. Na usiongeze bei hata franka mia. Ukiongeza umegeuka mlanguzi, na ukumbi ukikufahamu hautakusikiliza tena.

Njia ya tatu ni kuhamisha tiketi moja tu, kama familia inakubali kugawanyika. Wewe na watoto mwende Jumamosi, baba aende Jumapili: dola 2 za ada na dola 2 za tofauti, basi. Tunajua kwa mchezo wa kuigiza watu hutaka kuketi pamoja, lakini kwa tamasha la ngoma linalorudiwa siku mbili wengi hawaoni shida.

Na ile tofauti ya bei inakwepeka namna gani? Kumbi nyingi huficha viti vya akiba ambavyo havionekani kwenye mauzo. Vipo vya wafadhili, vya waandishi wa habari, vya wageni wa wasanii, vya mafundi wa sauti na taa wasiojua bado meza yao itakaa wapi, na hapa kwetu kuna safu ya protokole kwa ajili ya viongozi. Si vyote vya mbele. Vya mafundi na vya wageni wa wasanii mara nyingi viko katikati au nyuma, kwa bei ya kawaida. Visipohitajika huachiliwa siku moja au mbili kabla ya onyesho, vingine asubuhi ya siku yenyewe. Mwambie mwenye gishe: "Niandikie kwamba nasubiri viti vinne vya dola 10 vya Jumapili, vikiachiliwa nipigie." Mpe namba ileile uliyolipia. Ila usisubiri hadi muda wa kubadilisha upite. Muulize saa ya mwisho ni ipi, na saa mbili kabla ya hapo uamue.

Hiyo saa ya mwisho ndiyo inayowaumiza watu wengi kuliko ada yenyewe, kwa hiyo tuichambue taratibu. Kanuni ikisema "saa 24 kabla ya onyesho" na onyesho ni Jumamosi 18:00, mtu anaelewa Ijumaa 18:00. Lakini gishe ikifungwa Ijumaa saa kumi jioni, muda wako wa kweli ni 16:00, maana baada ya hapo hakuna wa kukuhudumia. Onyesho likiwa Jumatatu na gishe haifunguliwi Jumapili, "saa 24 kabla" yako ni Jumamosi. Mahali pengine wanahesabu tangu milango inapofunguliwa, si tangu pazia, na hiyo ni nusu saa au saa nzima mapema zaidi. Jambo jingine ambalo Lubumbashi, Goma na Bukavu tunalisahau: saa yetu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Tiketi ikiuzwa kupitia programu inayoendeshwa kutoka Kinshasa, "mwisho saa 12:00" inaweza kuwa saa ya kule, yaani saa saba mchana kwetu. Mara hii utafaidika, lakini ratiba ikiandikwa upande mwingine utafungiwa nje. Uliza.

Ukishakubaliana, omba vitu vitatu kabla ya kuondoka dirishani. Kwanza, tiketi mpya uione kwa macho, si ahadi ya kutumiwa ujumbe. Pili, risiti inayotenganisha ada na tofauti ya bei katika mistari miwili. Ikiwa Jumapili yenyewe itaahirishwa, utadai vyote, na kwa risiti ya mstari mmoja utabishana ni kipi kilikuwa kipi. Tatu, kwa wanaolipa kwa simu, hakikisha namba ya muamala wa nyongeza hii imeandikwa kwenye risiti mpya pamoja na namba ya muamala wa kwanza. Bila hivyo, malipo mawili yanaonekana kama wateja wawili.

Fikiria na pesa utakazolipia. Ada ndogo ya dola 1 au 2 huleta ugomvi wake, kwa sababu noti ya dola 1 karibu hakuna anayeipokea mjini na iliyochanika hata kidogo hurudishwa. Utalipa kwa franka. Basi uliza kiwango cha siku ni kipi na kiko ukutani wapi. Kwa tiketi nne, gishe ikizungusha kila moja kivyake kwenda franka elfu inayofuata, inakuongezea mzigo bila mtu kukusudia ubaya. Omba wazidishe kwanza kwa dola, kisha wageuze kuwa franka mara moja.

Mambo mengine huharibika baada ya kubadilisha. Tiketi ya zamani inabaki kwenye simu, picha yake iko kwenye kundi la familia, na siku ya onyesho mtoto anaonyesha ile ya Jumamosi. Mashine mlangoni inaikataa, foleni inasimama, aibu inaanza. Ifute ile ya zamani popote ulipoituma. Baya zaidi ni mtu kumpa shemeji picha ya tiketi kisha akasahau na kwenda kuibadilisha. Shemeji anafika Jumamosi na tiketi iliyokufa, na mwenye mlango hana la kumsaidia. Na ukinunua kupitia mtu wa kati, duka la simu, parokia, au kijana anayeuza mtaani kwa niaba ya kikundi, gishe ya ukumbi mara nyingi haioni kabisa mauzo yako. Rudi kwa aliyekuuzia, yeye ndiye mwenye funguo za kiti hicho. Tiketi za bure za mwaliko hazibadilishwi karibu popote. Za punguzo, za wanafunzi au za kundi, zikihamishwa hupigiwa bei upya, na kama punguzo lilikuwa la Jumamosi peke yake utashangaa jumla.

Upande wa sheria, mwenye gishe akikuambia "regleman ni regleman", yaani kanuni ni kanuni, ana haki kwa nusu. Kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia, kile cha mikataba, kilichotokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Kama ulionyeshwa kabla ya kulipa kwamba kubadilisha ni dola 2 kwa kila tiketi, umekubali, na njia yako ni ombi, si dai. Nusu ya pili haitajwi dirishani. Kifungu hichohicho kinataka makubaliano yatekelezwe kwa nia njema, na kifungu cha 8 kinaweka ridhaa ya anayejifunga kuwa sharti la kwanza la mkataba wenyewe. Kanuni uliyoisoma mara ya kwanza mgongoni mwa tiketi, baada ya pesa kutoka kwenye simu, hukuiridhia. Basi rudi kwenye ujumbe wa siku uliponunua, tazama ukurasa au tangazo ulilolionea bei. Ada haikutajwa? Hapo una dai. Lipeleke kwa msimamizi wa ukumbi kwa maandishi. Kijana wa dirishani hana mamlaka, na kumfokea ni kumwonea.

Na tofautisha sana kati ya wewe kuomba mabadiliko na wao kuyaleta. Ukumbi ukisogeza tarehe, ukabadilisha saa kiasi cha wewe kushindwa kufika, au ukafuta onyesho, hakuna ada ya kubadilisha wala tofauti ya bei. Kifungu cha 82 cha kitabu hichohicho kinaupa upande uliotendewa kinyume uchaguzi: kudai kilichoahidiwa kama bado kinawezekana, au kuuvunja mkataba na kudai fidia. Hapa kwetu hili hutokea hasa kati ya Novemba na Machi, mvua zinapovamia maonyesho ya uwanjani, na umeme unapokatika bila jenereta ya kutosha. Mvua inaweza kuuondolea ukumbi lawama na fidia, lakini haiwezi kuwa sababu ya kubaki na pesa za onyesho ambalo halikufanyika. Dai bei yote pamoja na ada ya huduma uliyokatwa wakati wa kununua. Wakikupa karatasi ya salio badala ya pesa, angalia iwe na tarehe ya mwisho iliyo mbali, iandikwe kiasi na si "tiketi nne", kwa sababu bei itapanda, na iwe ya onyesho lolote.

Dada yako wa Brussels anasema kweli. Ulaya wana siku 14 za kughairi kitu walichonunua kwa mtandao, na wengi hudhani zinahusu tiketi pia. Hazihusu. Kifungu cha 16 cha agizo la Umoja wa Ulaya namba 2011/83 kinaondoa shughuli za starehe zenye tarehe maalumu, na sheria ya walaji ya Ufaransa inarudia hivyohivyo katika kifungu L221-28. Sababu ni ileile ya kiti kisichowekwa ghalani. Hata njia ya kumuuzia jirani aitumie kwa uangalifu. Ubelgiji, tangu sheria ya tarehe 30 Julai 2013, ni marufuku kuuza tena tiketi kwa bei ya juu kuliko ya awali na ni marufuku kufanya biashara hiyo mara kwa mara. Ufaransa, tangu mwaka 2012, anayeuza tena kwa mazoea bila idhini ya mwandaaji anaweza kutozwa faini hadi euro 15,000. Kumpa rafiki kwa bei uliyonunulia, mara moja, si kosa hilo. Marekani nao, tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya tume yao ya biashara inawalazimu wauza tiketi za maonyesho kuonyesha jumla yote tangu mwanzo, pamoja na ada za lazima. Haikuzifuta ada. Imewafanya wanunuzi waione bei ya kweli wakati bado wana uhuru wa kukataa, na hilo ndilo tungependa kuliona hapa nyumbani.

Huko ng'ambo kuna kitu kingine ambacho kumbi zetu zingeweza kukichukua bila gharama: abonema. Mtu analipia msimu mzima mapema, maonyesho matano au sita, na moja ya zawadi zake ni kubadilisha siku bila ada. Haionekani kama fadhila ukijua kinachoendelea. Pesa za mwenye abonema zinaingia miezi kabla ya onyesho na ndizo zinazolipia mbao za jukwaa, nguo na mazoezi. Ukumbi unaoanza na familia hamsini za namna hiyo una pumzi ambayo mauzo ya mlangoni hayaipi kamwe. Wewe, Mama, unayenunua nne kwa mpigo, ndiye mteja wa kuombwa abonema, na ni kosa la ukumbi kumpoteza mtu kama huyo kwa ajili ya dola 8.

Kwa wanaoendesha kumbi na vikundi, maana tunajua wanasoma hapa, pendekezo letu ni hili. Ada iwe ya ombi, si ya tiketi. Hadi saa 72 kabla ya onyesho, mara ya kwanza iwe bure. Kati ya saa 72 na 24, dola 2 kwa ombi lote. Ndani ya saa 24 isibadilishwe, isipokuwa usiku wa kwanza umejaa, hapo mpokee tiketi kwa shangwe na bila kumtoza mtu. Ugonjwa na msiba viwe na njia yake ya kibinadamu, kwa uamuzi wa msimamizi. Kama viti havina namba, viti vya plastiki vya kuketi popote, ada haina msingi wowote, kwani mnachobadilisha ni hesabu tu. Ukumbi wenye viti vya kudumu, kama ule wa Jengo la 30 Juin la Lubumbashi, una kazi ya kweli ya kuhamisha kiti hadi kiti. Ua la shule halina. Kanuni yote iandikwe mistari mitatu, iwe juu ya kitufe cha kulipia na kwenye bango lilelile lenye bei, kwa Kiswahili na Kifaransa.

Safari ijayo, Mama, kabla ya kulipa uliza maswali manne: naweza kubadilisha siku? Mwisho ni saa ngapi, na gishe imefunguliwa saa hiyo? Ada ni ya tiketi au ya ombi? Nikihamia kiti cha bei ndogo, kinachobaki mnanirudishia, mnaniandikia salio, au kinapotea? Hilo la mwisho wengi hulisahau, na mara nyingi kinapotea usipouliza. Na kama zamu za mgodini hubadilika mara kwa mara nyumbani kwenu, msinunue nne kwa pamoja. Nunua tatu kwa muamala mmoja na ya baba kwa muamala wake, viti vikiwa jirani, ili yake iweze kuhama peke yake bila kuvuta nyingine.

Kuhusu hizi za sasa, mtumie msimamizi ujumbe kama huu leo, si kesho, ili ombi lako liwe kwenye maandishi kabla muda haujapita:

"Habari za kazi. Nina tiketi nne za Jumamosi 18:00, muamala namba fulani. Nilifika gishe Jumatano, siku tatu kabla, kuomba Jumapili. Nakubali kulipa tofauti ya bei, dola 8. Naomba ada ihesabiwe mara moja kwa ombi zima, dola 2, kwa kuwa ni mteja mmoja na malipo mamoja. Kama Jumamosi imejaa, naomba ada iondolewe, kwani viti vyangu mtaviuza. Kama ada hii ilitangazwa kabla sijalipa, naomba nionyeshwe wapi. Nitapita gishe leo saa tisa alasiri."

Wakikubali, utalipa dola 10 badala ya 16, au 8. Wakikataa na kukuonyesha kanuni ilipokuwa imeandikwa, rudi kwenye njia ya jirani. Nenda gishe na simu yenye chaji, kitambulisho, na franka zilizovunjwa.